Dola imetulia, mbona yuro inapanda na kushuka?

SWALI: Nakodisha vyumba hapa Malindi, na wageni wangu wengi ni Waitaliano wanaolipa kwa yuro. Tunaambiwa shilingi imetulia tangu 2024. Mbona benki hunipa bei tofauti kila nikienda, tena chini ya ile inayotangazwa na Benki Kuu?

JIBU: Dada, shilingi imetulia mbele ya dola. Yuro ni habari nyingine, kwani bei yake hapa Kenya hukokotolewa kwa kupitia dola. Tuseme dola ni shilingi 129. Mapema 2025 yuro moja ilikuwa takriban dola 1.04, zidisha, upate shilingi 134.16. Kufikia Julai ilikuwa takriban dola 1.17, yaani shilingi 150.93. Shilingi haikusogea, ila yuro 1,000 za mgeni ziliongezeka kwa zaidi ya shilingi 16,700. Yuro ikilegea huko kwao, fedha hizo zitapungua vivyo hivyo.

Kuegemea sarafu ya wengine hakukuanza leo. Shilingi ya Kenya ilipochukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki mwaka 1966 ilifungwa na pauni (yaani bei yake ilipangwa kuifuata pauni), 1971 ikafungwa na dola, 1975 na kapu la sarafu la Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Tangu Oktoba 1993 bei huamuliwa sokoni, na soko lenyewe ni la dola, kwa kuwa mafuta na sehemu kubwa ya madeni ya nje hulipwa kwa dola. Januari 2024 dola ilifika takriban shilingi 160 kwa hofu ya Yurobondi, yaani hati ya deni iliyouzwa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni (jina lisikudanganye, deni hilo ni la dola). Februari serikali ikauza nyingine ya bilioni 1.5 ili kulipa sehemu kubwa ya ile ya zamani, na mwisho wa Machi dola ikawa takriban 132.

Sasa benki. Bei ya Benki Kuu ni wastani wa kununua na kuuza. Wewe unauza, kwa hiyo utapewa bei ya kununua, ambayo daima iko chini. Noti hupata bei ndogo kuliko fedha zilizotumwa kwenye akaunti, maana benki huzihifadhi, huzikatia bima na kuzisafirisha. Iliyochanika au kuandikwa kalamu inaweza kukataliwa kabisa.

Usilinganishe bei iliyobandikwa ukutani. Gawanya shilingi utakazotia mkononi kwa yuro ulizotoa. Ukipewa 149 na ada ya shilingi 500 kwa yuro 1,000, umeuza kwa 148.50. Jirani anayetoa 148.80 bila ada amekushinda.

Hasara kubwa zaidi hutokea kabla hujafika benki: kumtajia mgeni wa Krismasi bei ya yuro mwezi wa Julai, kwa hesabu ya Julai, ilhali mishahara, umeme na samaki utavilipa kwa shilingi Disemba. Andika bei kwa shilingi, na ueleze kwamba yuro zitahesabiwa kwa bei ya benki yako siku ya malipo. Akikataa, omba arubuni kubwa na uibadilishe siku hiyohiyo.