Kataa Agizo Mapema: Ninavyofuma Nikimsubiri Mtoto wa Pili

Wiki iliyopita nilikabidhi blanketi la sita, ambalo ndilo la mwisho kabla sijajifungua, na mteja alipolikunjua na kupitisha kiganja juu ya mistari yake nilipata utulivu ambao katika ujauzito wangu wa kwanza sikuwahi kuupata hata siku moja. Siku mbili baadaye nikapokea ujumbe wa msomaji, fundi mwenzangu wa kufuma, ambaye naye anatarajia mtoto wa pili. Aliandika: "Dada, nipo wiki ya 24 na nimepokea agizo la blanketi 10. Nifanyeje ili niyamalize yote?" Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe kwa maneno yanayokaribiana sana na yake, na jibu nililojipa wakati ule nimelilipia hadi leo.

Nilipombeba kifungua mimba wangu, nilikubali kufuma blanketi 12 za watoto wachanga kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja anayeuza vifaa vya uzazi. Kazi ya namna ile nilikuwa nimeitamani kwa miaka, kama ninavyojua kwamba nanyi mnaitamani: agizo kubwa, mteja mmoja anayejua anachokitaka, na jina la fundi kuanza kusikika nje ya mduara wa ndugu na majirani. Sikumwambia kuwa mimi ni mjamzito, kwa kuwa niliogopa angempa kazi mtu mwingine. Nilihesabu wiki zilizobaki hadi ya 40, nikazigawa kwa idadi ya blanketi, nikaona zinatosha, nikapokea malipo ya awali na kwenda kununua uzi wote siku ile ile.

Ganzi ilianza katika wiki ya 29, usiku. Niliamka nikakuta kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia havina hisia, nikavikung'uta mpaka vikarejea, nikalala tena. Baada ya siku chache ganzi ikahamia mchana. Nilikuwa nikiingiza ndoana ya sindano kwenye kitanzi, nikizungusha uzi na kuvuta kama nilivyofanya maelfu ya mara, kisha ninapoangalia nakuta ndoana imechukua nyuzinyuzi mbili na kuziacha mbili, kitanzi kimepasuka katikati, na sikuwa nimehisi chochote vidoleni. Kosa la namna hiyo ukilipita haliondoki, kwa sababu blanketi likifuliwa mara mbili au tatu uzi hutoka pale pale. Nikawa nafumua kila siku. Kuna jioni moja nilifumua mistari 20, bonge la uzi likakua mapajani mwangu huku blanketi likipungua, na nikalia kwa namna ambayo mume wangu alidhani uchungu umeanza.

Mkunga alinieleza jambo ambalo kila mwanamke anayefanya kazi kwa mikono angepaswa kuelezwa mapema. Wakati wa ujauzito mwili huhifadhi maji mengi zaidi, na uvimbe unaotokana nayo huibana neva inayopita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono. Neva hiyo ndiyo inayovipa hisia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kwa wanawake wengi hali hiyo hutulia baada ya kujifungua. Alinishauri nilale nikiwa nimefunga kifundo kwa banzi jepesi ili kisikunjwe usiku, na mchana nipunguze kazi. Nusu ya kwanza ya ushauri niliitii. Nusu ya pili niliona haiwezekani, kwa kuwa blanketi zilikuwa zikisubiri.

Nilijifungua katika wiki ya 37 nikiwa nimemaliza blanketi saba. Siku ya tisa mteja alikuja nyumbani kuchukua mzigo wake, akazihesabu, akasema mbele ya wageni waliokuja kumwona mtoto: "Kama ulijua una mimba, kwa nini ulichukua kazi ya watu?" Nilimrudishia fedha za blanketi tano, nami nikabaki na uzi ambao nilikwisha kuununua. Mwaka wa nne sasa, na maneno yale bado yananichoma. Alikosa kwa kuyasema mahali pale na wakati ule, nami sijawahi kuombwa radhi. Hata hivyo nimelazimika kukiri kwamba swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu nilijua na sikusema, na yeye alipanga biashara yake kwa tarehe niliyompa mimi.

Kwa hiyo nilipojua nina ujauzito wa pili, kabla ya kumwambia mtu yeyote zaidi ya mume wangu, nilichukua daftari la maagizo na kuanza kuhesabu upya. Ujauzito huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, lakini mtoto akizaliwa wiki ya 37 huhesabiwa kuwa ametimiza muda wake. Fundi anayepanga kazi hadi wiki ya 40 anaahidi wiki tatu ambazo si zake. Mimi niliweka mwisho katika wiki ya 34. Miezi mitatu ya mwanzo sikuihesabu kabisa, kwa kuwa ilikuwa ya kichefuchefu na usingizi, na nikaanza na wiki ya 14.

Kisha nilihesabu saa, na hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Blanketi la sentimita 75 kwa 90, lenye mishono ya kubana, hunichukua saa 28. Kabla ya kuwa na mtoto nilikuwa nafuma hata saa tano kwa siku. Sasa nina mtoto wa miaka mitatu na nusu, ambaye hutaka kujua kila kilichomo ndani ya kikapu cha nyuzi, na mkasi wangu unakaa juu ya kabati muda wote. Muda wangu wa kweli ni saa mbili kwa siku: moja asubuhi na moja anapolala mchana. Kwa siku sita hizo ni saa 12 kwa wiki, na kwa wiki 20 ni saa 240, ambazo zingetosha blanketi nane. Nilikubali sita. Saa 72 zilizobaki niliziacha wazi, na mteja aliyetaka blanketi la saba nilimwambia hapana siku ile ile alipouliza, kwa adabu, nikimtajia sababu na kumwelekeza kwa fundi mwingine.

Saa hizo 72 zilikwisha zote. Mtoto aliugua homa, mimi nikapoteza usingizi, kukawa na siku za mgongo kuuma hadi kiti chenyewe nikakichukia, na kukawa na siku za kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito ahudhurie angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, na mimi siku hizo niliziandika kwenye daftari la maagizo kwa wino mwekundu kabla ya kuandika jina la mteja yeyote. Katika ujauzito wa kwanza niliruka hudhurio moja ili nimalize ukingo wa blanketi. Ninapolikumbuka hilo naogopa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imevimba na sikuwa na namna ya kujua kama ni uvimbe wa kawaida. Mwenzangu, ukiwa umepita wiki ya 20 na ukaona uso au mikono imevimba ghafla, kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, weka sindano chini na uende ukapimwe shinikizo la damu siku hiyo hiyo. Mteja atasubiri. Kama hatasubiri, mwache aende.

Ganzi imerudi safari hii pia, lakini imenikuta nimejiandaa. Banzi la usiku nilianza kulivaa mara tu nilipohisi dalili ya kwanza. Nimebadilisha sindano nyembamba kwa yenye mpini mnene, ambayo hainilazimishi kubana vidole. Kila baada ya nusu saa nasimama na kutembea, kwani kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu si kuzuri kwa mjamzito, ambaye hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu kwake ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine. Hayo yote yanasaidia, lakini nawaambia kwa uhakika kwamba hayasaidii kama agizo ni kubwa kuliko saa zako. Hakuna banzi linaloweza kubeba blanketi 12.

Jambo lingine ni mapumziko ya baada ya kujifungua, ambayo sisi mafundi hujifanya hatuyahitaji. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mwanamke aliyeajiriwa apewe likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Sisi hatuna mwajiri wa kutupa hizo wiki, kwa hiyo ni lazima tujipe wenyewe, na tujipe kwa maandishi, mbele ya wateja. Nimewaandikia wateja wangu wote kwamba sitapokea agizo hadi wiki 14 zipite tangu siku ya kujifungua. Wawili walininunia. Mmoja aliniuliza kama ninaichukulia biashara yangu kwa uzito, na nilimjibu kwamba ni kwa sababu hiyo hasa ndiyo maana namwambia sasa na si siku ya tisa ya uzazi.

Sasa nirudi kwako, uliyeniandikia. Upo wiki ya 24. Hadi wiki ya 34 una wiki 10, na kama saa zako zinafanana na zangu, hizo ni saa 120, ambazo zinatosha blanketi nne na hazitoshi la tano. Usiniulize namna ya kumaliza 10. Mpigie mteja leo, si kesho, umwambie kuwa wewe ni mjamzito, kwamba utampa nne kwa tarehe ya uhakika, na kwamba nyingine atazipata kwa fundi utakayemtajia au kwako baada ya mapumziko. Mrudishie sehemu ya malipo kabla hajaidai. Najua utasikia aibu, na najua utaona mlango ulioungoja muda mrefu unafungwa mbele yako. Mimi niliukimbia mwito huo wa simu kwa wiki nane, kila asubuhi nikisema nitapiga jioni, na mwishowe aibu ikanifuata hadi kitandani pa uzazi ikiwa kubwa mara kumi.

Mimi nipo wiki ya 35, na kikapu kina kazi moja tu, blanketi la mtoto wangu mwenyewe, ambalo kifungua mimba alifumiwa na bibi yake kwa kuwa mimi sikupata nafasi. Ni la kumbebea na si la kumfunika anapolala, kwani mtoto hatakiwi kulala na blanketi lililo huru katika miezi 12 ya kwanza, na mishono nimeibana ili kidole chake kisinase tunduni. Nafuma mistari miwili kwa siku, mitatu mikono ikinikubalia. Imebaki 11, kisha ukingo, na kaka yake, ambaye hunishikia bonge la uzi kwa mikono yote miwili kana kwamba linaweza kuruka, ameshaamua kuwa ukingo utakuwa wa manjano.