Mguso uleule, leo unasisimua, kesho unakera

Umeuliza kwa nini ukimgusa mwenzako shingoni siku moja anasisimka, siku nyingine anautoa mkono wako. Ngozi haijabadilika, kilichobadilika ni hali ya ubongo unaopokea taarifa. Akiwa na hofu, uchovu au kinyongo, mwili uko kwenye tahadhari na mguso uleule unageuka usumbufu.

Kasi nayo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi nyembamba za neva zinazoitikia zaidi mkono wenye joto la ngozi unaopita taratibu, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Yaani kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, chukua sekunde 6 hadi 8 hivi. Ukipapasa harakaharaka, nyuzi hizo huitikia kidogo tu. Ukigusa kwa wepesi mno, unamtekenya. Ukisugua palepale muda mrefu, neva zinazoea na raha inafifia, kwa hiyo hama, kisha urudi.

Kisimi kina neva nyingi mno katika eneo dogo. Ukikigusa moja kwa moja kabla mwanamke hajasisimka na ute haujatoka, mara nyingi kinauma. Anzia pembeni, au juu ya ngozi inayokifunika, na muulize: "Hapa, au polepole zaidi?"

Hisia zikipungua ghafla au ganzi ikiingia, muone daktari. Kisukari huharibu neva, na baadhi ya dawa za sonona hupunguza ashiki. Usiache dawa mwenyewe, zinaweza kubadilishwa.