Kidonda cha mama kinatoa usaha baada ya siku tisa za sindano: kwa nini usinunue dawa "kali" kabla ya majibu ya kuotesha

Mleta mada, pole sana kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mama yako amelazwa hapa Moshi baada ya upasuaji wa tumbo, kwamba amechomwa seftriaksoni kwa siku tisa lakini kidonda bado kinatoa usaha na homa inampanda kila jioni, na kwamba daktari ameagiza usaha uoteshwe maabara, majibu yatoke baada ya siku tatu. Unauliza kama si afadhali mkanunue wenyewe sindano iliyo kali zaidi mjini, kwa kuwa siku tatu mnaziona ni nyingi. Mimi ni mtu wa maabara ya vimelea kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa hapa hapa Kilimanjaro. Si daktari, na sitakuandikia dawa. Nitakueleza kinachofanyika ndani ya siku hizo tatu, pamoja na jinsi mimi mwenyewe, niliyepaswa kujua kuliko wengi, nilivyowahi kuziruka.

Neno linalotupotosha ni hilo "kali". Antibayotiki hazipangwi kama pilipili, kwamba ikishindwa hii unapanda kwenye inayowasha zaidi. Seftriaksoni huua kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, na bakteria wa hospitalini wana njia tofauti za kuikwepa. Klebsiella na E. coli wengi hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijafika kwenye ukuta. Hao ndio wanaoandikwa ESBL kwenye fomu ya majibu. Staphylococcus aureus wa aina ya MRSA havunji dawa hiyo, bali amebadilisha protini ambayo dawa ilipaswa kuishika, kwa hiyo dawa inafika na kukosa pa kushika. Pseudomonas naye seftriaksoni haikuwa dawa yake ya kutegemewa tangu mwanzo. Wagonjwa watatu waliolala vitanda vya jirani wanaweza kuwa na vidonda vinavyofanana kabisa kwa macho, na kila mmoja akahitaji dawa yake. Meropenemu, ambayo nina hakika ndiyo mtakayoambiwa dukani kwamba ni kali, inaweza kumwokoa mwenye ESBL, lakini kwa mwenye MRSA ni pesa iliyomwagwa.

Sasa hizo siku tatu. Usaha ukifika kwetu, kwanza tunaupaka kwenye kioo na kuutia rangi ya Gram, mbinu ambayo Mdenmaki Hans Christian Gram aliieleza mwaka 1884 na ambayo bado inatufaa kila siku. Ndani ya saa moja hivi daktari anaweza kuambiwa kama kuna bakteria wanaoonekana na ni wa kundi lipi, wale wa zambarau au wale wa waridi. Jibu hilo la awali mara nyingi haliulizwi na mtu, nalo hubaki kwenye daftari letu. Kwa hiyo mwombe daktari alifuatilie siku hiyo hiyo. Kisha tunapanda usaha kwenye visahani vya chakula cha bakteria na kuviweka kwenye inkubeta yenye joto la nyuzi 35 hadi 37.

Asubuhi ya pili tunafungua. Klebsiella unamtambua hata kabla ya kufanya kipimo kingine: makundi yake ni makubwa, yana majimaji, na ukiyagusa kwa kitanzi cha waya na kuinua yanavutika kama mlenda. Lakini kumjua jina hakutoshi. Tunachukua kidogo, tunakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka weupe wa maji hayo ulingane na kipimo cha kawaida, tunapaka kwenye kisahani kipya na kupanga juu yake diski ndogo za karatasi, kila moja ikiwa na dawa yake, halafu tunawaacha usiku mwingine. Asubuhi ya tatu nachukua rula. Dawa iliyofanya kazi huacha duara safi kuizunguka diski, na upana wa duara hilo ndio tunaoupima. Kwa bakteria wa ukoo wa E. coli na Klebsiella, viwango vya kimataifa tunavyotumia vinasema duara la seftriaksoni likiwa milimita 23 au zaidi dawa inafaa, likiwa 19 au chini haifai. Diski yenyewe ina upana wa milimita 6. Kuna asubuhi ninazopima na kuandika 6, kwa sababu bakteria wameota mpaka wakaigusa karatasi, na ninajua kwamba mwenye kidonda hicho ameamshwa alfajiri hiyo hiyo kuchomwa dawa hiyo hiyo.

Usiku huo wa kwanza na wa pili hauwezi kufupishwa kwa kumhonga mtu. Bakteria hawa, wakipata chakula na joto, hugawanyika kila dakika 20 hivi, lakini hata kwa kasi hiyo wanahitaji usiku mzima ili waonekane kwa macho, na usiku wa pili ili waonyeshe wanashindwa na dawa gani.

Nilisema niliwahi kuziruka siku hizo. Baba yangu mdogo alianguka na bodaboda akavunjika mguu, mfupa ukatoka nje, akawekewa chuma. Wiki ya tatu, akiwa nyumbani Kibosho, mshono ukaanza kutoa maji yenye rangi ya kijani. Nilikuwa na vidonge vya antibayotiki ya siprofloksasini kabatini, nikampa, nikijiambia kwamba namsaidia wakati tunasubiri siku ya kliniki. Alikunywa siku nne. Kliniki wakachukua swabu, yaani usaha uliofutwa kwa kijiti chenye pamba, nayo ikaletwa maabara niliyokuwa nafanyia kazi, na mimi ndiye niliyeisoma: hakuna kilichoota. Nyumbani wakachinja jogoo. Wiki mbili baadaye usaha ulirudi kwa wingi zaidi, na safari hii madaktari walilazimika kumsimamishia antibayotiki zote kwa wiki mbili kabla ya kumrudisha chumba cha upasuaji na kuchukua kipande cha nyama kilichogusana na chuma. Kikaota Pseudomonas, sugu kwa siprofloksasini. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Kama wangekuwa sugu tangu mwanzo, pengine wangeota kwenye ile swabu ya kwanza licha ya vidonge vyangu. Walikuwa wanaisikia dawa, nikawaonjesha kiasi cha kuwanyamazisha bila kuwamaliza, na waliobaki ndio waliokuwa na uwezo wa kuistahimili. Chuma kilitolewa, mzee alipona baada ya miezi saba, na mpaka leo anaamini mimi ndiye niliyemponya. Sijawahi kumweleza.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: usaha uchukuliwe kabla dawa haijabadilishwa, na mseme ukweli kuhusu kila kidonge alichomeza, hata vile vya rangi mbili alivyopewa na jirani kabla ya kulazwa. Waombe kwa adabu wakioshe kidonda kwanza kwa maji ya chumvi, kisha sampuli itoke ndani na si juu, maana usaha wa juu una bakteria wa ngozi ambao hawahusiki na ugonjwa. Kwa kuwa ana homa, ulizeni pia kama damu itaoteshwa.

Kusubiri majibu si kumwacha mama bila tiba, na hapa naona baadhi ya wachangiaji wamekutisha bure. Akianza kupumua haraka, kuchanganyikiwa au shinikizo la damu kushuka, daktari hatasubiri rula yangu. Atachukua sampuli na kuanza papo hapo dawa yenye wigo mpana, yaani inayoua aina nyingi za bakteria, kisha majibu yakitoka ataibadilisha au kuipunguza. Uamuzi huo ni wake, na unahitaji vipimo vya figo na uzito wa mgonjwa, vitu ambavyo muuza duka hana.

Kuna pia uwezekano kwamba tatizo si usugu kabisa. Kama usaha umejikusanya ndani kama kifuko, hakuna dawa inayopenya humo ipasavyo. Hufunguliwa, hukamuliwa na kuoshwa. Muulize daktari kama picha ya ultrasaundi imefanyika. Mchangiaji mmoja hapo juu amesema dawa za siku hizi ni feki. Dawa duni zipo, na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, hukamata, lakini tusizisingizie kila kidonda. Diski zetu hazitengenezwi kwa vichupa vya wodini, kwa hiyo kipimo hiki kinasaidia hata hapo: bakteria akionekana anakufa kwa seftriaksoni kwenye kisahani huku mgonjwa hapati nafuu, ndipo tuulize kuhusu kifuko cha usaha, dozi, au ubora wa kichupa.

Jambo la mikono nitalisema kwa sababu nimeliona kwa macho yangu wodini nikienda kufuata sampuli. Shangazi amekuja na mtori kwenye chupa, ameketi kitandani, ameinua bandeji kidogo "aone kinaendeleaje", kisha akammiminia mgonjwa mtori, na uliobaki akamgawia mama wa kitanda cha pili asiye na ndugu. Ni upendo mtupu, na ndiyo njia ambayo Klebsiella mwenye ESBL huhama kitanda. Bakteria hawa hupeana hata vipande vya vinasaba vyenye usugu, hivyo asiyekuwa sugu jana anaweza kuwa sugu leo kwa kukutana na mwenzake. Mwekeeni mama kitakasa mikono mezani, mtu yeyote apake kabla ya kumgusa, daktari na nesi wakiwemo. Si utovu wa heshima kuwakumbusha. Kama bado ana mpira wa mkojo, ulizeni kila asubuhi kama bado unahitajika.

Wasiwasi wako kuhusu gharama nauelewa. Kwa niliyoyaona, kipimo cha kuotesha hugharimu kidogo kuliko siku chache za meropenemu, na seftriaksoni yenyewe, tunayoitumia kama maji, Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu. 

Majibu yakitoka, piga picha, funika jina la mama na namba ya faili, uiweke hapa. Utaona orodha ya dawa na mbele yake herufi S, I au R. S ni inayofaa, R ni iliyoshindwa, na kuhusu I msikilizeni daktari, kwa sababu kwa baadhi ya dawa huweza kutumika ikiongezwa dozi.