Hapana shangazi, mtoto hajaposwa

Tangu niiweke ile picha kwenye grupu la familia sina raha. Shangazi yuko Tanga anauliza mahari kapokea nani. Wifi anataka kujua kijana alikujaje bila mshenga. Kaka kanyamaza, na kimya chake nakijua.

Jamani, yule kijana aliyeshika boksi la piza mlangoni kwangu hapa Ohio alikuja kumwomba binti yangu waende wote promu. Ni dansi kubwa ya shule za sekondari za Marekani, karibu Aprili au Mei, ya wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho. Usiku mmoja tu, basi. Wengi huenda na rafiki, na hawa wanajuana kwa kukaa meza moja darasa la kemia.

Ila kuombana kwenyewe ndiko kumekuwa shughuli. Jina la dansi wameliunganisha na neno lao la kuposa. Mimi naita promposa, wanangu wanacheka. Kuna wa mabango, wa maputo, wa kumvalisha mbwa kibao shingoni. Mwaka 2015 kampuni ya Visa iliuliza watu, ikakuta promu inamla kijana wastani wa dola 919, na 324 kati ya hizo ni za kuomba tu! Kwa boksi la piza tumepona.

Kwenye kifuniko aliandika kwamba anajua jambo hili lina jibini nyingi, lakini je, utakwenda nami? Kwa Kiingereza chao kitu chenye jibini ni mbwembwe za mapenzi za kutia aibu. Ukitafsiri, utamu wote unakwisha. Piza ilikuwa imepoa, maana alizunguka mtaa mara mbili akijipa moyo. Aliyenieleza ni mama yake, aliyekuwa ndani ya gari akirekodi kwa simu. Kwa hiyo wifi, mshenga alikuwepo.

Sasa niwaambie nisichokipenda. Mwaka jana kaka yake huyu binti alisimama kantini na bango lake. Msichana akasema ndiyo, watu wakapiga makofi. Usiku akamtumia ujumbe: samahani, niliona haya kukukatalia mbele za watu. Mwanangu alishinda kitandani Jumamosi nzima, na amana niliyolipia suti ya kukodi haikurudi. Siku hiyo niliikumbuka barua ya posa, kitambaa kimefungwa, pesa ndani, wazee wanasema "mtapata majibu". Ukikataliwa unakataliwa kimyakimya, wiki mbili baadaye, na uliyemtuma ndiye anayekuletea. Huku mtoto wa miaka kumi na saba anataka jibu papo hapo, simu thelathini zikimtazama, halafu tunasema kwetu ndiko wasichana hawaulizwi.

Huyu wangu alimtazama kijana, akaitazama ile simu garini, akasema, "Ngoja nimuulize mama." Mwenye simu akaacha kurekodi. Nikawakaribisha wote ndani, tukaipasha piza, tukala na maharage ya nazi yaliyobaki mchana. Jibu alilipata kesho yake shuleni, wakiwa wawili.

Gauni tumepata la mtumba, dola 40. Kaka, saa tano usiku atakuwa nyumbani. Nimeshaongea na yule mama.