Saa inakimbia dakika 20 kwa siku baada ya kutiwa mafuta. Niongeze mafuta gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Seiko 5 ya atomatiki aliyoniachia marehemu baba, nyuma imeandikwa 7S26. Ilikaa kabatini miaka sita. Nilipoanza kuivaa ikawa inasimama-simama, nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Tanga. Akafungua mfuniko, akatia mafuta ya cherehani kwa sindano, dakika tano kazi ikaisha, Sh 5,000. Wiki mbili ilikwenda vizuri. Sasa inakwenda mbele dakika 20 kwa siku, na nikiivua usiku, asubuhi naikuta imesimama. Fundi anasema mafuta yamekauka, niirudishe aongeze. Jirani anasema mashine ichovywe yote kwenye petroli. Mimi nataka ninunue mafuta nitie mwenyewe. Ninunue yapi?

JIBU: Marahaba. Usinunue yoyote, na hiyo saa ivue leo, uiache isimame. Haikukaukiwa mafuta. Imezamishwa ndani yake.

Tuanze na hizo dakika 20, maana ndizo zinazosema kila kitu. Mashine ya 7S26 hupiga mapigo 21,600 kwa saa moja, yaani sita kila sekunde. Kinachoamua kasi hiyo ni gurudumu la balansi, lile linaloyumba kwenda na kurudi, pamoja na springi yake, ile nyembamba kama unywele, iliyojiviringisha bapa mithili ya koili ya dawa ya mbu. Springi hiyo hupumua: mizunguko yake hutanuka na kubana kila pigo, na haitakiwi kugusana hata kidogo. Mafuta yakiifikia, mzunguko mmoja hunata na wa jirani yake. Pale paliponata hapafanyi kazi tena, kwa hiyo springi inakuwa kama imekatwa ikawa fupi, na springi fupi hupiga haraka. Ukipiga hesabu, ili saa ikimbie dakika 20 kwa siku inatosha springi ipoteze chini kidogo ya asilimia 3 ya urefu wake. Hiyo haifiki hata nusu ya mzunguko mmoja wa nje. Kwa macho matupu huoni kitu. Ukiweka lenzi jichoni na kuinamisha mashine kwenye mwanga, unaona mstari mwembamba wenye unyevu unaong'aa kati ya mizunguko miwili. Ndiyo mafuta ya cherehani hayo. Ukiongeza mengine, utanatisha mizunguko mitatu.

Uko ugonjwa mmoja unaofanana na huu, nao ni sumaku. Springi iliyovutwa na sumaku ya spika au ya mkoba wa simu nayo hushikana na kuikimbiza saa. Chukua dira ndogo ya sindano, isogeze karibu na saa ikiwa inatembea. Sindano ikitetemeka kwa kufuata mapigo, springi ina sumaku, na kifaa cha kuondolea sumaku huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache bila hata kufungua mfuniko. Pima, ni bure. Lakini saa iliyoanza kukimbia wiki mbili baada ya kutiwa mafuta kwa sindano, mimi ningeangalia mafuta kwanza.

Sasa lile neno linalonichosha kuliko yote katika kazi hii: "saa imekaukiwa, itie mafuta." Linasemwa na wateja, na ubaya zaidi linasemwa na watu wanaojiita mafundi. Saa iliyokaa miaka sita haina upungufu wa mafuta unaozibwa kwa kuongeza. Ina mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi, yakachanganyika na vumbi la chuma. Ukidondoshea mapya juu yake, yanailainisha ile gundi kwa muda, na saa inaondoka. Zile wiki mbili ulizofurahia ndizo hizo. Kisha mchanganyiko wote unabaki tope la kusagia, kama lile la kunolea visu, na ncha za mihimili, yaani vijiti vya chuma vinavyobeba magurudumu, zinazunguka ndani yake mchana na usiku. Ndiyo maana nimekwambia uivue. Kila siku inayotembea hivyo inajila yenyewe.

Angalia kinachotokea hasa mhimili unapokaa kwenye jiwe, yaani kijiwe kigumu chenye tundu ambamo ncha yake huzunguka. Kila tundu la jiwe limezungukwa na kibonde kidogo kama kikombe. Mafuta yakiwa machache, yakifika nusu ya kikombe au kupita kidogo, yanashikwa katika nafasi ile nyembamba kati ya chuma na jiwe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na yanakaa hapo miaka. Yakifurika nje ya kikombe yakagusa bamba la shaba, bamba linayavuta yote, hata yale yaliyokuwa tunduni. Mhimili unabaki mkavu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo aliyejaza mafuta mengi ndiye aliyeikausha saa, na tone moja la chupa ya cherehani lingetosha vikombe vya saa nyingi.

Mafuta ya cherehani yenyewe si mabaya. Yametengenezwa kwa mashine inayoongezwa mafuta kila mara, ambayo kazi yake inataka mafuta yatiririke. Saa inataka mafuta yasiyoondoka mahali pake. Nayo si ya aina moja, kwa hiyo swali la "ninunue yapi" halina jibu la chupa moja. Fundi anayetumia mafuta ya Moebius ya Uswisi, kwa mfano, huweka 9010 nyepesi kwenye mawe ya balansi na magurudumu ya haraka. HP 1300 au D5 nzito pale panapozunguka polepole kwa nguvu kubwa. 9415 kwenye mawe ya paleti, kile kiuma kinachoshika na kuachia gurudumu la mwisho jino kwa jino. Na grisi ya 8217 ndani ya kipipa, kile kisanduku cha duara kinachobeba springi kuu, ile inayoipa saa nguvu. Hizo ni nne, bado grisi ya sehemu za taji, kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa. Halafu zipo sehemu ambazo hazipakwi kitu kabisa, kama ncha za uma wa paleti na, bila shaka, ile springi ya balansi.

Hiyo 8217 inagusa tatizo lako la pili. 7S26 haitiwi ufunguo kwa taji, inajijaza kwa mtikisiko wa mkono, na ikijaa sawasawa hutembea zaidi ya saa 40. Kwa saa za namna hii, mkia wa springi kuu haukufungwa. Unajibana kwenye ukuta wa kipipa, na springi ikishajaa unateleza kidogo ili isikatike. Ile grisi kazi yake ni kuushika mkia usiteleze kabla ya wakati. Mafuta mepesi yakipenya humo, mkia unateleza mapema, springi haijai, na saa unayoivua saa nne usiku haifiki alfajiri. Tope la kwenye mihimili nalo linakula nguvu kidogo iliyobaki. Pengine pia mkono wako hautembei vya kutosha, kama kazi yako ni ya kukaa mezani, lakini hilo si la kulijadili mashine ikiwa chafu.

Petroli, basi. Kuchovya mashine nzima ni ule uongo wa mafuta ukiwa umevaa nguo nyingine. Petroli inayeyusha uchafu, ni kweli, lakini mashine ikiwa imefungwa uchafu hauna pa kutokea. Unahama tu, unatoka kwenye mhimili mmoja kwenda mwingine, unaingia kwenye kipipa na kuosha grisi, kisha petroli inapaa na kuuacha umetandazwa kila mahali. Petroli ya gari ina viungo vinavyobaki kama utando, na kuiweka kwenye kibakuli karibu na taa ya mezani ni kutafuta moto. Wengine hutumia spiriti wakidhani ni safi zaidi. Mawe ya paleti, na katika saa nyingi hata kile kijiwe kilicho chini ya balansi, yameshikizwa kwa shelaki, ile ile ambayo seremala huiyeyusha kwa spiriti kupaka samani. Loweka uma wa paleti kwenye spiriti, jiwe litasogea au kudondoka, na hapo umenunua kifaa kipya. Yale makopo ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu sitayajadili. Yasikaribie saa.

Kazi yenyewe inayotakiwa ni hii. Nguvu ya springi kuu inaachiwa kwanza. Zinatolewa akrabu, uso, sahani za siku na tarehe, sehemu ya kujijaza, balansi, kisha paleti, magurudumu na kipipa. Kipipa kinafunguliwa na springi inatoka nje. Hapo ndipo wengi hukimbia kazi. Kila kipande kinaoshwa peke yake, matundu ya mawe yanachokonolewa kwa kijiti kilichochongwa mpaka kijiti kitoke cheupe. Springi ya balansi inatumbukizwa kwenye benzini safi isiyoacha utando, ile ya laita, mara mbili, inakaushwa kwa hewa ya mpira wa mkono, na inakaguliwa kwa lenzi. Wakati wa kurudisha, ukuta wa kipipa unapakwa nukta chache za grisi, vikombe vinatiwa mafuta kwa kijiko cha sindano, na jiwe la paleti linapakwa kidogo, gurudumu linaachiwa meno matano, linapakwa tena, mpaka meno yote yamepitiwa. Raba ya mfuniko inabadilishwa na kupakwa grisi ya silikoni. Kwenye hewa ya chumvi kama ya Tanga hiyo si ya kuruka. Ni kazi ya saa kadhaa, na baada yake saa inaangaliwa siku mbili tatu. Haiwezi kufanywa kwa Sh 5,000, wala kwa dakika tano huku mteja amesimama.

Ukimpata fundi mwingine, muulize mambo mawili tu: springi kuu ataitoa kwenye kipipa, au ataiacha? Na atakuonyesha kwenye kipimo cha mapigo, kifaa kinachosikiliza saa na kuonyesha mwendo wake, kabla na baada? Mashine iliyojaa, uso ukitazama juu, balansi ya 7S26 ikizunguka nyuzi 230 hadi 270 ni nzuri. Chini ya 200 bado ni chafu au imelika. Kwa mwendo, kiwango cha kiwanda ni kuchelewa sekunde 20 hadi kutangulia sekunde 40 kwa siku, kwa hiyo asiyejua akikuahidi sekunde mbili usimwamini pia. Na asikimbilie kusogeza vijiti vilivyo juu ya balansi ili kuficha kukimbia. Viko viwili. Kimoja hupunguza au kuongeza mwendo, kingine hupanga tiki na taki zilingane. Cha pili kikisukumwa kwa kubahatisha, saa inachechemea, na umeongeza ugonjwa.

Na hili ni kwa wote wenye saa za ukutani za ufunguo, maana makosa ni hayo hayo kwa kipimo kikubwa. Watu wanapaka mafuta meno ya magurudumu, wakiona yanasuguana. Meno ya saa yanakaa makavu. Mafuta kwenye jino yanakamata vumbi, vumbi linazama kwenye shaba kwa kuwa ni laini, na gurudumu la shaba linageuka msasa unaolichimba lile dogo la chuma linaloshikana nalo. Ukifungua saa iliyopakwa hivyo kwa miaka, unakuta shaba haina jeraha na chuma kimelika, watu wanashangaa chuma kimeshindwaje na shaba. Mafuta ni ya ncha za mihimili, nyuso za nanga (kile kinachoshika na kuachia gurudumu) na springi kuu, basi. Wanafunzi wetu wa kazi wanafundishwa hilo wiki ya kwanza. Inauma kuona mwenye bisibisi na sindano ya hospitali anakaa kando ya barabara na kuharibu saa kumi kwa siku bila kulijua.

Ya baba yako bado inaponyeka, kwa kuwa imetembea na tope hilo majuma machache tu. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, uiweke mbali na spika, na umwambie fundi atakayeipokea kwamba ilitiwa mafuta ya cherehani, ili aanze na springi ya balansi.