Wezi wa injini ziwani na maharamia wa Somalia: nani awahukumu?

Ndugu, umeuliza kwa nini wanaopora injini na nyavu huko Kalangala, visiwa vya Uganda ndani ya Ziwa Victoria, hawashtakiwi kwa uharamia kama Wasomali. Tofauti iko kwenye maji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 101, unautambua uharamia pale tu watu wa chombo kimoja wanapovamia chombo kingine kwa faida yao, katika bahari kuu au mahali pasipo na mamlaka ya nchi yoyote. Ziwa Victoria lote lina wenyewe: Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo huo, kwa sheria ya Uganda, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kesi ya Mahakama Kuu, na adhabu yake ya juu ni kifo. Jina la kosa halimpunguzii mwizi chochote.

Kesi za ziwani hufa kwa mambo mawili. Kwanza, hakuna anayejua tukio lilikuwa upande gani wa mpaka, kwa hiyo hifadhi saa na mahali kwenye simu hapohapo, kabla ya kufika mwaloni. Pili, namba ya injini. Iko kwenye kibati kidogo, pale injini inapofungiwa kwenye tezi ya mtumbwi. Wavuvi wengi hawajawahi kuinakili. Injini ikikamatwa hakuna wa kuthibitisha ni yake, na mshtakiwa anakwenda zake. Ipige picha leo, na risiti uiache nyumbani.

Baharini, kifungu cha 105 kinairuhusu nchi iliyowakamata maharamia iwahukumu. Manowari nyingi za kigeni zilizolinda bahari ya Somalia hazikutaka mzigo huo, zikawanyang'anya silaha na kuwaachia. Kenya ilikubali kuwapokea kwa makubaliano ya 2009, na 2010 kikafunguliwa chumba cha mahakama cha kesi hizo Shimo la Tewa, Mombasa. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema haina mamlaka juu ya makosa ya nje ya maji ya Kenya, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoutengua uamuzi huo 2012. Miaka miwili ya wasiwasi kwa sababu ya maneno ya sheria!

Msimamo wangu: aliyekamata ahukumu. India ilifanya hivyo Machi 2024, ilipoikomboa meli ya Ruen iliyokuwa imetekwa na Wasomali na kuwapeleka maharamia 35 Mumbai, ikiwa tayari na sheria yake ya uharamia ya 2022. Nasi huku Uganda, ambao mizigo yetu hupitia Mombasa, tuna haki ya kulidai hilo.

Asiyeweza kuhukumu, basi akabidhi watu pamoja na vielelezo. Ngazi na ndoana za kupandia melini zisitupwe baharini. Bila hizo mshtakiwa husema alikuwa akivua samaki. Kila bunduki iandikwe nani aliichukua na alimkabidhi nani. Mabaharia nao waandikishe maelezo wakiwa bado melini, kwani wakishuka kila mmoja hurudi kwao, na kumrudisha shahidi kutoka Manila miezi kadhaa baadaye ni gharama ambayo waendesha mashtaka wengi hawaimudu.