RG ya Gundam: ubaki na ya zamani au uchukue 2.0?

Kaka, umesema RG (Real Grade) RX-78-2 yako ya 2010, ile modeli ya plastiki ya kuunganisha ya roboti Gundam kutoka kampuni ya Bandai ya Japani, imeshalegea nyonga, na unajiuliza kama 2.0 iliyotoka 2024 ni kitu kipya kweli au ni boksi jipya tu. Ni kipya. Zote ni za kipimo cha 1/144, kimo kama sentimita 12.5, lakini kwa ndani hazifanani kabisa.

Kiunzi cha ile ya zamani kilitoka kiwandani viungio vikiwa vimeshashikana. Unakata, unakunja, tayari una goti. Raha ya siku ya kwanza hiyo! Lakini viungio vya namna ile huchoka kadiri unavyovikunja, na vipande vya nje huchomoka ukimgusa tu. Kwenye 2.0 Bandai wameachana na mtindo huo, kiunzi unakijenga mwenyewe kipande kwa kipande. Kazi inaongezeka, ndiyo, ila utapata mguu unaosimama.

Stika tu ndizo zitakutoa jasho. Nyingine ni ndogo kama punje ya mchele, kwa hiyo tumia kibano. Mimi nilijifanya mjuzi nikabandika kwa kidole, ikahamia kwenye ukucha na haikurudi.

Kama unapenda kumgeuzageuza mikao, chukua 2.0. Kama anakaa tu kabatini, bado hela yako iache mfukoni. Na huyo mzee usimuuze, mtundike kwenye stendi, nyonga isibebe uzito.